Vumbi Likipita, Sauti Imepita

Kama umeanza kukusanya trei za mayai ili kuzuia sauti isitoke kwenye studio yako ya nyumbani, zirudishe kwa muuza chipsi. Mimi nilizikusanya za kutosha kuta tatu, nikazibandika usiku kucha, asubuhi nikawasha spika na kutoka hadi kwenye uzio wa jirani. Besi iko vilevile, inagonga. Kilichopungua ni ule mwangwi unaousikia ukipiga kofi ndani ya chumba kitupu, nao ulipungua kidogo tu.

Tunachanganya kazi mbili. Kutuliza sauti inayorukaruka ndani ni kazi ya sponji, mapazia na mablanketi mazito ya mtumba. Kuizuia isitoke nje, au kelele za nje zisiingie, ni kazi ya uzito na kuziba. Wimbi la besi ya hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Sponji la sentimita 5 litalifanya nini?

Studio yangu ni iliyokuwa stoo, Nkuhungu hapa Dodoma. Futi 10 kwa 12, tofali za saruji za inchi 6, plasta ndani na nje. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei ya tofali niongeze ukuta wa pili. Kilichoniokoa ni upepo. Mnaoishi huku mnaujua ule wa mwezi wa nane, unafagia uwanja na kukuletea uwanja wenyewe ndani. Niliondoka siku tatu, niliporudi sakafu ilikuwa imechorwa: mchirizi mwekundu chini ya mlango, mwingine chini ya reli ya dirisha la aluminiamu la kusukuma, na vijirundo viwili chini kabisa ya matundu ya hewa. Katikati ya kuta, safi.

Nikakaa pale nikiangalia. Hewa inapopita, sauti inapita pamoja nayo. Ukuta mzuri unaoweza kupunguza desibeli 45, ukiacha upenyo wa asilimia 1 tu ya eneo lake, unashuka hadi kama 20. Yaani ningejenga ukuta wa pili, hata wa tatu, na mlango ungeendelea kunicheka.

Dirisha nikaling'oa na kujenga tofali. Fundi hakuelewa. "Bosi, dirisha zima kabisa hili, unaziba ili iweje?" Nikamwachia alinunue kwa bei ya kutupa, akaelewa haraka. Mlango ulikuwa ule wa flashi. Ugonge uone, ndani ni hewa na makaratasi. Mninga ulinishinda bei, kwa hiyo tuligongelea plaiwudi ya milimita 18 pande zote mbili, bawaba tukaongeza kutoka mbili hadi nne maana ulikuwa mzito kama wa benki. Kwenye fremu nilizungushia mpira wa milango ya magari, unauzwa kwa mita kwenye maduka ya spea. Chini tukamwaga kizingiti cha zege ili mlango ufungie kwenye kitu. Usiku weka taa kali ndani, simama nje gizani. Ukiona mwanga popote, bado.

Usisahau soketi. Yangu ilikuwa imepeana mgongo na soketi ya sebuleni, kati yao hakuna ukuta, kuna maboksi mawili ya plastiki.

Sasa dari, na hapa ndipo wengi wanapokwama kwa sababu halionekani. Nyumba zetu nyingi kuta za ndani zinaishia chini ya kenchi. Juu ya singibodi vyumba vyote ni kimoja. Sauti inapanda kwako, inatembea gizani chini ya bati, inashukia chumba cha watoto. Mimi nilipitisha mbao za 2 kwa 6 kutoka ukuta hadi ukuta, zisiguse kenchi hata kidogo, kwa sababu mbao ikigusa kenchi inabeba mtikisiko moja kwa moja. Chini yake jipsamu za milimita 12, tabaka mbili, viungio vya tabaka la pili visikae juu ya vya kwanza, na silikoni ukingo mzima. Juu yake nikalaza sufi ya mawe (rockwool), blanketi la nyuzi za mawe linalonyonya sauti. Tabaka mbili zina karibu kilo 18 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo usimsikilize fundi anayekwambia mbao za 2 kwa 2 zinatosha. Na mbao zipake dawa kwanza. Mchwa wa Dodoma hawana adabu. Faida ya pili niliiona Januari. Mvua ya huku ni ya miezi michache, lakini ikishuka kwenye bati bila dari hiyo, funga mashine ukalale.

Ukishaziba kila kitu umejijengea tanuri. Kiyoyozi kinapoza hewa ileile uliyokwisha kuivuta, hakileti mpya. Nilitengeneza maboksi mawili ya plaiwudi, moja la kuingiza na moja la kutoa, ndani yana njia inayokata kona tatu, kuta zake zina sponji. Hewa inakunja kona, sauti inachoka njiani. Hapo ndipo sponji lina kazi.

Jaribio la kweli lilikuja na vyombo vya Kigogo. Kina mama walileta ngoma za muheme, tukataka pia kurekodi ilimba, kile chombo cha vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, alichokizungusha mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose hadi Ulaya. Ilimba ina sauti ndogo yenye mtetemo; bodaboda akipita barabarani, maiki inamkamata. Safari hii hakukamatwa. Muheme ikanishinda nusu. Jioni nilikwenda kwa bibi jirani.

"Shikamoo bibi. Leo umetusikia?"

"Marahaba mjukuu wangu. Nyimbo sijasikia. Ila vikombe vyangu kabatini vinaitikia."

Huo ni mtikisiko wa sakafu. Nimeinua jukwaa la ngoma juu ya vipande vya tairi, umepungua, haujaisha, na tumekubaliana ngoma mwisho saa 2 usiku. Makubaliano hayo yalinigharimu kilo mbili za sukari, hakuna kifaa cha bei rahisi zaidi katika ujenzi wote.

Juzi nimeona mchirizi mwembamba wa vumbi chini ya bomba la kiyoyozi. Silikoni imebaki nusu chupa.