Kwa mwalimu mpya wa hisabati: kufundisha ulinganifu kwa karatasi, mwiba na rula

Mwalimu unayeanza kazi katika shule za msingi za Dodoma, utakuta kwamba mada ya ulinganifu huonekana nyepesi kitabuni na hupewa kurasa chache tu. Watoto huzipenda picha zake, hujibu maswali ya mwanzo kwa haraka, na ni rahisi kuamini kwamba wameelewa. Ushauri wangu, kutokana na kufundisha madarasa ya chini kwa muda mrefu, ni kwamba usilipokee jibu la haraka katika mada hii. Mtoto anayesema kuwa umbo ni linganifu kwa sababu "pande zote mbili ziko sawa" mara nyingi anazungumzia ukubwa wa vipande, na wala hajafikiria kama vipande hivyo vitalaliana umbo likikunjwa.

Kulithibitisha hilo, mpe kila mtoto karatasi yenye umbo la mstatili. Mitihani ya zamani inatosha, na darasa likiwa kubwa, wawili washirikiane karatasi moja. Kabla hawajakunja chochote, waulize kama mstari unaotoka kona moja hadi kona ya mkabala, yaani ulalo, ni mstari wa ulinganifu wa mstatili, na uhakikishe kwamba kila mmoja amechagua jibu lake kwa kunyoosha mkono. Wengi watasema ndiyo, kwa kuwa wanaona pembetatu mbili zinazotoshana. Sasa wakunje. Kona mbili zitachomoza nje, kila moja upande wake, na hapo darasa litaanza kubishana lenyewe. Usiwahi kuwaeleza. Waache wakate karatasi kwenye ulalo, waweke pembetatu moja juu ya nyingine, na wagundue kwamba moja hulingana na nyenzake kwa kuzungushwa nusu mzunguko, ilhali kwa kukunjwa haiwezekani. Kisha wape mstatili mwingine, waukunje kwa kuleta ukingo mfupi juu ya ukingo mrefu na kukata ziada, kama wanavyofanya kila siku wanapotaka mraba. Mkunjo uliobaki ni ulalo wa mraba, na safari hii pande zimelaliana barabara. Mtoto aliyeyashika matukio hayo mawili kwa mikono yake hatahitaji kukariri kwamba mstatili una mistari miwili ya ulinganifu na mraba una minne.

Mfano wa bendera ya Taifa utajitokeza tu, maana watoto huitazama kila asubuhi mstarini. Ni mstatili, na mkanda mweusi wenye kingo za njano unaipita kutoka kona ya chini iliyo upande wa mlingoti hadi kona ya juu ya upande wa pili, huku kijani kikiwa juu na bluu chini. Mtoto atasema kuwa mkanda ule ndio mstari wa ulinganifu. Mwambie aichore kwenye karatasi na kuikunja hiyo aliyoichora, kwa sababu bendera yenyewe haichezewi, na atakuta tatizo lilelile la kona zinazochomoza, mbali na kwamba rangi za pande mbili hazifanani.

Walimu wengi huanza na majani ya miti, na mimi nawashauri wayacheleweshe hadi hapo watoto watakapokuwa wameshajua kupima kwa kukunja. Chukua kijani kimoja, yaani jani dogo, kutoka kwenye tawi la mwarobaini, mti ambao haukosekani katika uwanja wa shule hapa kwetu. Kwa mbali huonekana kimegawanyika sawasawa, lakini kikunje kwenye mshipa wa kati na utaona kwamba upande mmoja ni mpana kuliko mwingine, hasa karibu na kikonyo, na ncha yake imepinda. Jani la mzabibu hukaribia zaidi kulingana, ingawa meno ya ukingoni hayakutani yote. Majani yanafaa sana kwa mjadala wa kitu kilicho karibu kuwa linganifu. Hayafai kuwa mfano wa kwanza, kwa kuwa mtoto ataanza kuyaita linganifu maumbo yanayofanana kwa kukisia tu.

Herufi kubwa ni bora zaidi. Waandike neno MTAMA kwa kushuka, herufi moja chini ya nyingine, kisha wapitishe mstari wima katikati: herufi zote zinaukubali mstari huo. Wajaribu vivyo hivyo kwa UWELE, nao watakwama kwenye E na L. Neno DODO likiandikwa kwa kawaida lina mstari wa ulinganifu unaolala, lakini wakiongeza MA ili lipatikane jina la mkoa wetu, ulinganifu huo unapotea, kwa kuwa M na A zina mstari wima pekee. Watoto wakishaonja mchezo huu watatafuta maneno yao wenyewe nyumbani bila kuagizwa.

Kazi ya kuchora ndiyo inayodai uvumilivu zaidi, na ndipo penye makosa yanayodumu. Usianze kwa kusema "chora upande wa pili ufanane". Mwanafunzi akunje karatasi, aifungue, achore umbo dogo la pembetatu upande mmoja, aikunje tena, kisha achome kila kona ya pembetatu kwa mwiba wa mgunga au ncha ya bikari hadi itoboke safu zote mbili. Simamia shughuli hiyo kwa karibu ili wasichomane. Karatasi ikifunguliwa kuna matundu upande wa pili, na mtoto akiyaunganisha kwa rula anapata pembetatu ya pili. Hapo mwelekeze aunganishe kila tundu na mwenzake ng'ambo ya mkunjo, apime kwa rula, na aeleze anachokiona: umbali kutoka mkunjo hadi tundu la huku ni sawa na umbali hadi tundu la kule, na kila mstari wa kuunganisha unaukata mkunjo kwa pembe mraba. Sheria nzima ya kuchora maumbo linganifu iko katika sentensi hiyo, na mtoto ameipima mwenyewe. Baadaye, atakapochora kwenye daftari lenye vyumba bila kutoboa, atahesabu vyumba kutoka kwenye mstari, ataweka nukta kwanza, na mistari ataiunganisha mwishoni. Nukta iliyoangukia juu ya mstari wenyewe hubaki palepale; sema hivyo waziwazi, kwa sababu wapo watakaoihamisha.

Ubaoni, usichore mstari wa ulinganifu ukiwa wima kila siku. Darasa lililozoea mstari wima huamini kwamba kuchora upande wa pili ni kuhesabu kwenda kulia, basi. Unapofika kwenye mstari wa mshazari unaopita kwenye kona za vyumba na kupanda kuelekea kulia, watahesabu kulia tena na umbo litakaa pasipo pake. Nukta ikiwa upande wa juu wa mstari huo, mtoto atembee kwa mfano vyumba vitatu kwenda kulia hadi aufikie mstari, kisha ateremke vyumba vitatu, na hapo ndipo nukta ya pili inapokaa. Akishachora, akunje kwenye mstari na kuinua karatasi kuelekea kwenye mwanga wa dirisha. Michoro miwili ikionekana kama mmoja, amepatia, na hana haja ya kukusubiri wewe umsahihishie.

Katika zoezi la kupima, weka daima umbo moja lisilo na mstari hata mmoja. Msambamba wa kawaida, yaani umbo la pande nne lililoinama ambalo pande zinazokabiliana ni sambamba, unafaa kuliko yote, kwa kuwa unaonekana nadhifu na watoto huutafutia mstari kwa bidii. Atakayeandika sifuri na kuonyesha karatasi aliyoikunja kila upande apewe alama zote. Atakayeandika sifuri bila kukunja, muulize amejuaje.