Pango la kutosha kustaafia

Ukitaka kujua pango la nyumba zako kiasi gani litakutosha ukistaafu, hesabu nusu tu ya linaloingia. Ukihitaji 100 kwa mwezi, nyumba ziingize takriban 200. Nusu nyingine huliwa na matengenezo, bima, kodi ya majengo, malipo ya msimamizi na miezi isiyo na mpangaji. Ni kanuni ya makadirio ambayo wawekezaji wa nyumba huitumia sana, na angalia: marejesho ya mkopo hayamo. Yanatoka kwenye nusu yako iliyobaki, kwa hiyo panga deni liishe kabla mshahara haujakoma.

Linaloumiza zaidi ni nyumba kukaa wazi. Mwezi mmoja mtupu kwa mwaka ni 8.3% ya mapato, na kama una nyumba moja tu, mwezi huo unaingiza sifuri huku bima na kodi zikiendelea kudai. Ndiyo maana mimi ningechagua vyumba vinne vyenye wapangaji wanne kuliko nyumba moja kubwa ya thamani ileile, ingawa usumbufu wa kukusanya pango unaongezeka. Weka pia akiba ya matumizi ya miezi 6 kwenye akaunti tofauti, usiichanganye na hela ya kula.

Jengo likiwa la zamani, nusu ya gharama huenda isitoshe. Paa, mabomba na nyaya za umeme vinaweza kuchakaa kwa pamoja, kwa hiyo mpeleke fundi akague kabla hujalipa.