Mi nishahama kuandikia posti kwenye brauza

Mwezi wa tano 2024 sisi watu wa kusini tulionyeshwa. Tarehe 4 kimbunga Hidaya, mvua ikakata barabara ya Dar huko Lindi, mabasi yakakwama, hatujakaa sawa tarehe 12 nyaya za chini ya bahari zikakatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti nchi nzima ikawa ya kubembeleza. Mi siku hizo nilikuwa kibarazani Mikindani naandika posti ya blogu yangu kuhusu ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, ndefu kweli, na naandika mulemule kwenye brauza kama nilivyozoea. Nikabonyeza kuchapisha, kiduara kikazunguka weee, mwisho ukurasa ukaniambia niingie upya. Nikaingia. Nikakuta kichwa cha habari na aya moja.

Nilikaa dakika kumi siongei na mtu.

Kijana mmoja wa steshenari pale mjini Mtwara akanambia dada we andika kwenye Word, mtandao ukirudi kopi upesti, kwani tabu iko wapi. Nikafanya hivyo wiki mbili. Tabu ipo! Word ukiikopi inakuja na mizigo yake, fonti tofauti, nafasi kubwa kati ya aya, kwenye laptopu unaona sawa afu mtu akifungua kwa simu maneno mengine makubwa mengine kama ya kwenye karatasi ya dawa. Nikahamia Notepad, hiyo ni safi haina mizigo, lakini picha huweki na viungo huweki, kwa hiyo kazi yote unaikuta inakusubiri mtandaoni na bando linaliwa palepale.

Ndo nikakutana na Open Live Writer, programu ya kuandikia posti za blogu kwenye kompyuta. Historia yake fupi tu: Microsoft walikuwa na programu yao inaitwa Windows Live Writer, toleo la mwisho likatoka 2012, wakaiacha, afu Disemba 2015 msimbo wake ukaachiwa wazi, yeyote auone na kuubadilisha, na watu wa kujitolea wakaiendeleza kwa jina hilo jipya. Ni ya bure, ni ya Windows tu. Sura yake ya kizamani kidogo, usitegemee mambo ya kisasa, ila unaandika bila mtandao kabisa, unaweka picha, unaweka vichwa vidogo, siku bando likiwepo unabonyeza mara moja posti inapanda na picha zake.

Kuiunganisha ndo kulinitoa jasho. Inataka anwani ya blogu, jina na paswadi, nikaweka vyote sahihi ikagoma. Jioni nzima nabadilisha paswadi kumbe shida si paswadi, WordPress, ndo mfumo unaoendesha blogu yangu, inaongea na programu kama hizi kupitia faili linaitwa xmlrpc.php na wanaonihosti, yaani kampuni inayoitunza blogu mtandaoni, walikuwa wamelifunga kwa ajili ya usalama. Nikawaandikia wakafungua. Kwa hiyo ikikugomea usianze kujilaumu, anzia hapo.

Halafu kuna hili la kuchekesha. Mwanzoni inakuomba ruhusa ichapishe posti ya muda ili ikague muonekano wa blogu yako, ikimaliza inaifuta yenyewe. Nikakubali bila kusoma. Binamu yangu yuko Masasi, anapata posti zangu kwa imeili, akanipigia: "We, umedukuliwa? Nimeletewa kitu cha Kiingereza na manamba manamba." Ukikubali, waambie watu wako mapema. Lakini faida yake naiona, maana sasa naandika nikiwa naona fonti na upana uleule wa blogu yangu.

Picha hapo tulizane. Ukiiweka unaiona ndogo, unajua imepungua, kumbe kama hujabadilisha kwenye mipangilio ya picha inapandisha ile ndogo NA ile kubwa ya asili, kwa sababu ile ndogo imewekewa kiungo cha kufungulia ile kubwa. Picha za simu siku hizi mb nne, tano kila moja, weka picha sita za soko la samaki uone bando linavyoyeyuka. Mi nazipunguza kwanza ziwe na upana wa pikseli 1000 hivi, afu naondoa kiungo. Na ule mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili, zima tu, utaumwa macho bure.

Kosa langu kubwa lakini lilikuwa jingine, na hili nalisema kwa uchungu. Niliandika bei za korosho za kukaanga za mama mdogo, nikachapisha, kesho yake nikarekebisha bei kwa simu. Wiki ya pili nikafungua ile kopi ya kwenye laptopu nikaongeza picha moja, nikachapisha tena. Ikafuta marekebisho yote ikarudisha bei za zamani, na wateja wake wakamjia na simu mkononi, "mbona kwenye blogu imeandikwa hivi?" Siku hizi nikitaka kugusa posti iliyokwishapanda nachagua kuifungua kutoka kwenye blogu yenyewe, sifungui kopi ya laptopu. Na mara ya kwanza naituma kama rasimu, naiangalia kwa simu, ndo naichapisha.

Wenye blogu za Blogger ya Google, picha zilianza kusumbua tangu Google wafunge 2019 mlango wa Picasa, huduma yao ya picha, ambao programu hii ilikuwa inapitishia picha, jaribuni na posti moja kwanza. Wa Mac kuna MarsEdit, ya kulipia, mi sijaigusa. Wa simu tupu, apu ya WordPress inatunza rasimu bila mtandao, inatosha.

Rasimu zako zinakaa kwenye Documents, folda inaitwa My Weblog Posts. Laptopu ikifa zinakufa nayo, kwa hiyo kila Jumapili naikopi folda yote kwenye flashi, na flashi nimeifunga kwenye funguo za pikipiki, maana hizo siwezi kuzisahau.