Barua kwa mwanangu: suruali ikunjwe nje chini au iachwe pleni?

Marahaba baba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza jana jioni wateja walivyoisha, nikaona hili nisikujibu kwa vimeseji vya kukatakata, bora nikuandikie usome kabla hujarudi kwa huyo fundi wako wa Kijenge, huko Arusha. Umeniuliza hivi, unashonesha suruali mbili, ile ya suti ya bluu ya harusi ya dada yako na ile ya kijivu ya marinda ya kwenda nayo kazini, fundi kakuuliza chini akukunjie nje, lile pindo linaloonekana juu ya kiatu, au ashonee ndani iwe pleni, rafiki yako kakwambia pindo la nje ni la wazee, fundi naye kasema siku hizi ndo linatakiwa, sasa hujui umsikilize nani.

Mimi nakwambia ya bluu iache pleni, ya kijivu ikunjwe. Hao wote wawili wamekujibu habari za fasheni, wakati suruali huulizwi fasheni kwanza, unaulizwa kitambaa gani, mguu mpana au mwembamba, juu ina marinda au haina, na anayevaa ni nani.

Lile pindo kazi yake kubwa ni uzito. Pale chini kitambaa kinalaliana mara tatu mara nne, kinauvuta mguu wa suruali ushuke wima na mstari wa pasi usimame, ndo maana linaendana sana na marinda. Suruali ya marinda ina kitambaa kingi huku nyongani, ukikaa yanafunguka ukisimama yanajifunga, na mguu wake ni mpana, sasa mguu mpana ukiwa mwepesi chini unapepea kama pazia na ukitembea unakuzunguka kwenye kifundo. Ukiweka pindo unatulia. Hicho kitambaa cha kijivu nilichokupa ulipokuja Pasaka ni kizito, kina sufu, nilikichagua kwa ajili ya ile baridi ya Arusha ya mwezi wa sita na wa saba, kinabeba pindo bila shida yoyote. Cha bluu ni laini na chepesi, alafu umesema unataka mguu mwembamba, mbele bila rinda hata moja. Suruali ya hivyo ukiiwekea pindo inaelemewa chini wakati juu haina kitu, na kila ukipiga hatua pindo linagonga kiatu linapanda na kubaki huko juu.

Alafu kuna suala la kimo, nakwambia kwa upendo kabisa. Umechukua umbo la mjomba wako, kifua kipana na miguu mifupi, ni umbo zuri la mwanaume ila fundi inabidi aliheshimu. Pindo linachora mstari wa kulala pale juu ya kiatu, jicho la mtu linasimama hapo, mguu unaonekana umekatwa. Siku ya harusi utapigwa picha umesimama, kuanzia kiatu mpaka kichwa, nataka mguu wako ushuke toka kiunoni mpaka kiatuni jicho lisikwame popote. Utauliza mbona basi ya kijivu naruhusu, ni kwa sababu ya kijivu itakaa juu, kiuno chake kinakuja karibu na kitovu na siyo pale chini kwenye mifupa ya nyonga mnapovalia nyie vijana, kwa hiyo mguu umeshaongezewa urefu kwa juu, ukipungua kidogo kwa chini haidhuru. Asizidishe tu. Kwako inchi 1 na nusu, yani kama sentimita 4 hivi, inatosha kabisa. Mtu mrefu ndo namwekea inchi 1 na robo tatu, hata 2.

Sasa hapa naomba usome polepole maana ndo panapoharibika nguo za watu. Pindo la nje linaamuliwa kabla mkasi haujagusa kitambaa. Suruali pleni, chini ya mstari wa urefu wako inataka kama inchi 2 za kukunjia ndani, basi. Ya pindo la inchi 1 na nusu inataka kama inchi 4, kwa sababu kitambaa kikishafika chini kinapanda kwa nje ya mguu, kinajikunja na kushuka tena juu yake, alafu ncha inaingia ndani ya mguu na kushonewa huko. Fundi akikata kwanza ndo akuulize baadaye, ujue hapo huna uamuzi tena.

Na siyo urefu peke yake. Mguu wa suruali unapungua upana kadiri unavyoshuka, si ndiyo? Sasa ukikunja kwenda juu, ile sehemu nyembamba ya chini unailazimisha ikalie sehemu pana ya juu, haitoshi, inavuta, suruali inakunjamana pale chini na hata upige pasi ya mkaa usiku kucha hainyooki. Fundi anayejua kazi, akifika kwenye mstari wa kukunjia anaanza kupanua tena kwa nje mpaka inapokuja kuwa ncha ya juu ya pindo, kutoka hapo anarudisha ndani. Ukifika kwake angalia chaki. Ukikuta mistari ya pembeni imeshuka moja kwa moja mpaka mwisho wa kitambaa bila kupinda popote, mwambie kwa heshima asimame kwanza, unipigie simu nizungumze naye, mafundi tunaelewana. Wengi wanajua ila wanafupisha kazi wateja wakiwa wengi.

Kingine, pindo la nje linakatwa sawa, mbele na nyuma urefu mmoja. Ni pleni ndo inayokubali mshazari, nyuma ishuke zaidi ya mbele kama sentimita 1 hivi, mbele ilale juu ya kiatu bila kujikunjakunja, nyuma ifunike vizuri juu ya kisigino. Hiyo ya bluu mwambie akukatie mshazari, utaona mwenyewe mguu unavyorefuka. Na ya usiku ni ya usiku, sherehe ya dada yako ni ukumbini jioni, pleni ndo yenye heshima zaidi. Zile suti nyeusi za tai ya kipepeo, zenye utepe unaong'aa pembeni mwa mguu, zenyewe haziwekwi pindo kabisa, popote duniani.

Huyo rafiki yako simlaumu. Amekua akiwaona wazee kanisani na suti zao za miaka ya 80 na 90, kipindi kile marinda na pindo vilikuwa vinaenda pamoja, na hapa Moshi bado unawakuta jumapili wamependeza nazo, pasi imekata kisawasawa. Lakini hii kitu inaenda na kurudi. Ilianzia Uingereza, wanaume wanakunja suruali zisishike matope, na inasimuliwa kwamba mwaka 1893 mbunge mmoja, Viscount Lewisham, aliingia bungeni London suruali ikiwa imekunjwa hivyo, zikaibuka kelele humo ndani. Baadaye likaja kuwa pindo la kudumu la kushonwa, na mfalme wao Edward VII anatajwa sana kwamba ndo aliyelipa heshima. Vita ya pili ya dunia, mwaka 1942, serikali ya Uingereza ikapiga marufuku pindo la nje kwenye suruali za wanaume ili kuokoa kitambaa, Marekani nao wakalizuia mwaka huohuo, na unajua Waingereza walifanyaje, wakawa wananunua suruali ndefu kuliko miguu yao wanaenda kuzikunja nyumbani, mpaka marufuku ikatolewa 1944. Miaka ya 60 suruali zikabana, pindo likapungua sana. Zikapanuka tena likarudi. Umeona sasa? Kila mguu ukipanuka linarudi na mguu ukibana linaondoka, kwa hiyo ukiangalia upana wa mguu wako umeshapata jibu, huna haja ya kuuliza mwaka huu watu wanavaa nini.

Tena nikupe kipimo cha haraka. Ilaze suruali mezani, pima chini kutoka pembe hadi pembe. Ikiwa inchi 6 na nusu au 7 acha pleni. Ikiwa 8 kwenda juu kunja bila wasiwasi. Hapo katikati angalia marinda na uzito wa kitambaa. Hivyo ndo ninavyofanya mimi hapa dukani na wateja wangu wanarudi.

Ya vumbi nayo usiisahau. Wewe unakaa Sakina, asubuhi unatembea mpaka barabarani kupanda kifodi, yani daladala, na pindo linakusanya kila kitu, vumbi, mchanga, zile mbegu za majani zinazong'ang'ania, na masika ndo matope kabisa. Vumbi likikaa humo miezi linatengeneza mstari, siku ukitaka kushusha urefu unaukuta pale na haufi kwa sabuni yoyote. Kwa hiyo ya kijivu fundi asilipige pindo cherehani kuzunguka lote kwa nje, alishike kwa mkono tu sehemu mbili, kwenye mshono wa ndani na mshono wa nje, nyuzi chache za kujificha. Ukitoka kazini pitisha brashi humo ndani, na mara mojamoja fumua zile nyuzi ulishushe lote, upanguse, urudishe. Kushika sindano nilikufundisha, usiniambie umesahau.

Zile kadeti za mtumba ulizochukua soko la Memorial usihangaike nazo, ndani zina kitambaa kidogo mno, pindo la kweli halitoki hapo, na la bandia la kubana kitambaa juu kwa juu linaonekana hata kwa mbali. Ziache pleni. Jinzi kunja kwa mkono ukitaka, hiyo ni mambo mengine.

Siku ya kupima nenda na viatu vyenyewe utakavyovaa, vile vyeusi vya kamba kwa suti na vile vya kahawia kwa ya kijivu, usiende na sendo ukamwambia akadirie, kisigino kikibadilika urefu wote unabadilika. Simama umeangalia mbele, usiiname kujitazama miguu, ukiinama suruali inapanda na atakupa fupi. Ya pindo iguse kiatu kidogo tu, isilundikane. Mwambie cha kijivu akipige pasi ya mvuke kabla ya kukata maana sufu inajivuta, asipofanya hivyo suruali itakufupikia dobi akishaishika. Kwenye ya bluu akuachie inchi 3 ndani badala ya zile 2 za kawaida, hata kama hatukunji, na pale nyuma kwa ndani kiatu kinaposugua ashonee utepe, ni kazi ndogo ila inaokoa suruali.

Hela iliyobaki usimalizie mpaka umevaa, umetembea, umekaa, umesimama tena na umejitazama kwenye kioo kwa pembeni. Na akikwambia kitambaa cha kijivu hakitoshi kuweka pindo usibishane naye, chukua futi kamba upime mwenyewe mbele yake, nilikukatia mita 1 na nusu na kwa urefu wako mita 1 na robo inatosha pamoja na pindo lake. Kipande kitakachobaki ndo chako, uje nacho.

Mama yako