Vitz iliyochemsha: gharama ambayo ningeweza kuizuia

Ndugu yangu, umeeleza kwamba Toyota Vitz yako ilichemsha ukiwa safarini, kwamba fundi amesema gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku, imeungua, na unauliza kama kweli kulikuwa na namna ya kuepuka gharama hiyo. Ilikuwapo. Mimi pia niliunguza gasketi ya gari la aina hiyo, lenye injini ya karibu cc 1,000, kati ya Chalinze na Morogoro, na nilipokaa kutafakari niligundua kwamba dalili zilikuwa zimejitokeza wiki kadhaa kabla ya siku hiyo.

Kila Jumamosi nilikuta maji yamepungua kwenye chupa ya akiba, nami nikaongeza ya bomba, wakati mwingine hata ya kisima, ambayo katika maeneo mengi ya Dar es Salaam yana chumvi. Sikujua kwamba kulanti, kimiminika maalumu cha kupozea injini, huzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka, ilhali maji ya chumvi huacha ukoko ndani ya vijia vyembamba vya rejeta, kifaa kinachopoza maji ya injini, mpaka vinaziba. Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa kutojiuliza maji hayo yanakwenda wapi. Mfumo wa kupozea injini umefungwa, kwa hiyo maji yakipungua kila wiki lazima pana mahali yanapotokea, iwe ni mpira wa kupitishia maji, pampu ya maji, mfuniko wa rejeta uliochoka au gasketi yenyewe. Kwangu ulikuwa mpira wa chini, uliopasuka karibu na kibano kinachoukaza. Mpira ule niliuziwa kwenye duka la spea kwa shilingi 25,000. Kuifungua hedi iliyokuwa imepinda, kuipeleka kuchongwa na kuirudisha kulinigharimu shilingi 780,000.

Jambo la pili ni thamostati, yaani vali inayofungua na kufunga njia ya maji ya injini kulingana na joto. Fundi mmoja aliwahi kuitoa akiniambia kuwa nchi yetu ina joto na kifaa hicho hakina kazi, nami nikamshukuru. Thamostati nyingi hufunguka kwenye nyuzi joto 80 hadi 90, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake mapema na kuidumisha hapo. Ikitolewa, injini huchelewa kupata joto na hunywa mafuta zaidi, na katika baadhi ya injini sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, hivyo mlimani au kwenye foleni gari huchemsha kwa urahisi zaidi.

Kumbuka pia kwamba Vitz nyingi hazina mshale wa joto. Zina taa ya buluu, inayozimika injini ikishapata joto, na taa nyekundu. Nyekundu ikiwaka usijipe moyo wa kufika kituo kinachofuata, kama nilivyofanya mimi kwa takriban kilomita 6, kwa sababu hedi ya aluminiamu huweza kupinda ndani ya dakika chache. Egesha, zima injini, usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa bado na joto kali, na usimwage maji baridi juu ya injini.

Siku hizi kila asubuhi, kabla ya kuwasha, naangalia kiwango cha kulanti na navuta kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia ndani yake na gari halipaswi kuwashwa. Natazama pia chini nilipolaza gari. Likiwa linanguruma limesimama, nasubiri kusikia feni ikijiwasha. Ukiacha kuisubiri feni, kazi hii haizidi dakika tano. Oili na filta yake nabadilisha kila kilomita 5,000, na kama giaboksi yako ni ya CVT, yaani ya otomatiki isiyo na gia za hatua hatua, hakikisha haiwekewi oili ya giaboksi ya kawaida, kwani kuua giaboksi hiyo ni ghali kuliko kuunguza gasketi.

Kwa sasa, kabla fundi hajafunga, mwombe aipime hedi kwa rula ya chuma mbele yako, azibue rejeta au aibadilishe, aweke thamostati mpya na mipira mipya, kisha ajaze kulanti na kutoa hewa yote kwenye mfumo. Akifunga gasketi mpya juu ya rejeta iliyoziba, utarudi kwake kabla ya mwezi kwisha.