Je, Usawa ni Kumhudumia Kila Mzee kwa Namna Moja?

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na ninafanya kazi katika makao ya wazee nchini Uingereza. Tunaye bibi mmoja wa Kiislamu, mtu wa pwani kama mimi, ambaye maradhi ya kusahau yamekwisha kumpokonya Kiingereza chake karibu chote. Kila anapoogeshwa na mhudumu wa kiume, huing'ang'ania kanga yake na kulia. Nilipomweleza msimamizi, alinijibu kwamba pale wazee wote huhudumiwa sawasawa, na kwamba kumtafutia bibi mhudumu wa kike ni upendeleo. Je, nimekosea kusema?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukukosea hata kidogo. Makao hayo bila shaka hayampi mwenye kisukari chai yenye sukari kwa kuwa wenzake wanainywa, wala hakuna anayeita jambo hilo upendeleo. Sitara ya bibi ni hitaji kama hilo. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inataja sifa 9 ambazo mtu hapaswi kubaguliwa kwazo, zikiwemo umri, ulemavu, dini na jinsia, na inakataza pia utaratibu ambao kwa sura ni mmoja kwa wote lakini unawaelemea zaidi watu wa kundi fulani pasipo sababu ya haki. Kanuni za huduma za mwaka 2014 nazo zinadai matunzo yalingane na mahitaji na matakwa ya kila mtu, na faragha yake ilindwe.

Huenda ukaambiwa kwamba bibi hana tena akili ya kuamua. Sheria ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa kuamua inawataka wanaomwamulia mtu wa namna hiyo wazingatie hisia zake za sasa, imani yake na matakwa aliyokuwa nayo zamani, na wawasikilize walio karibu naye. Kilio chake, kwa maoni yangu, ni kauli kamili.

Basi andika katika kumbukumbu za kila siku saa, tukio, na maneno aliyoyatamka kwa Kiswahili pamoja na maana yake. Omba mpango wake wa matunzo upitiwe upya mbele ya watoto wake. Msimamizi akishikilia msimamo wake, Tume ya Ubora wa Huduma, inayokagua makao hayo, hupokea taarifa za wafanyakazi, na tangu mwaka 1998 ipo sheria ya kumlinda mfanyakazi anayefichua ubaya kwa manufaa ya umma.

Jambo moja zaidi: usikubali ufumbuzi uwe wewe peke yako, kwa maana siku usipokuwa zamu bibi atarudi palepale. Mhudumu wa kike na aandikwe katika mpango huo, na wenzako uwafundishe kumwamkia "Shikamoo, bibi" na kungoja aitikie kabla hawajaigusa kanga yake.