Bledi ya theluji inajikunja: je, niichomelee?

Swali: Fundi, salaam. Nina trekta la bustani la mwanzoni mwa miaka ya 1970, injini ya silinda moja yenye nguvu farasi 12. Sikulipata pamoja na bledi, kwa hiyo nimechukua bledi ya sentimita 150 iliyokuwa kwenye pikipiki ya magurudumu manne, nikaifunga mbele kwa vyuma viwili nilivyovibana kwenye bampa. Theluji inaisukuma, lakini kila bledi ikigusa kitu kigumu inajikunja kwa mbele na kupita juu yake. Matairi ya nyuma nayo yanateleza. Fundi wa kuchomelea ameniambia atazichomelea kabisa springi za nyuma ya bledi, zile zinazoiruhusu kujikunja, ili isicheze. Rafiki yangu anasema shida ni injini, niweke ya farasi 18. Nianze na lipi?

Jibu: Ndugu yangu, usianze na lolote kati ya hayo. Na huyo fundi wa kuchomelea, kama ameshaleta waya na mashine, mshukuru na umwombe akaendelee na mageti.

Swali hili haliishi kunifikia kila majira ya baridi yanapokaribia. Majina ya matrekta hubadilika, upana wa bledi hubadilika, lakini ushauri ambao mtu amepewa kabla ya kuniuliza ni uleule: “Inajikunja kwa sababu ni dhaifu, iimarishe.” Sijui ni nani aliyeanzisha imani hii kwamba kila kinachocheza kwenye mashine ni ubovu. Bledi inayojikunja ikigonga kizuizi haijaharibika. Inafanya kazi iliyotengenezewa. Zile springi ni fyuzi ya trekta lako, na mtu anayekwambia uzichomelee anakwambia uweke msumari mahali pa fyuzi kwa sababu fyuzi inakatika mara kwa mara.

Tupige hesabu, maana maneno peke yake hayajawahi kumshawishi mtu mwenye mashine ya kuchomelea mkononi. Chukua trekta lako, wewe juu yake, na uzito wa ziada kidogo: tuseme kilo 450. Unakwenda kilomita 6 kwa saa, kasi ya mtu anayetembea kwa haraka. Chini ya theluji kuna ukingo wa saruji, au kisiki, au kifuniko cha shimo kilichoinuka kidogo. Bledi ikiwa imechomelewa, mwendo wote huo unatakiwa kuishia ndani ya sentimita moja hivi ya chuma kupinda. Nguvu inayopita kwenye fremu hapo inazidi tani 6. Sasa rudisha springi. Bledi inajikunja, mgongano uleule unaenea kwenye sentimita 15, na nguvu inashuka hadi kilo mia nne na ushee. Tena mara nyingi trekta halisimami kabisa: makali yanapanda juu ya kizuizi, unapita, springi zinairudisha bledi mahali pake, nawe unaendelea na kazi.

Tani 6 hizo zinakwenda wapi? Kwenye trekta lako zinakwenda pale ulipofunga vyuma vyako, yaani kwenye bampa, na kutoka hapo kwenye ncha ya mbele ya fremu na pini inayobeba ekseli ya mbele. Kwenye mengi ya matrekta haya ekseli hiyo ni ya chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Chuma cha namna hiyo kinavumilia kubebeshwa mzigo miaka na miaka, lakini kigonge ghafla kwenye baridi kali uone. Hakipindi, kinapasuka. Na bledi haigongi kwa katikati. Karibu kila mara ni pembe moja ndiyo inayokutana na jiwe, na pembe ya bledi ya sentimita 150 iko sentimita 75 kutoka mstari wa kati wa trekta. Kwa hiyo fremu haisukumwi tu, inasokotwa.

Hapo ndipo ninapokosa subira na wale ninaowaita waganga wa chuma. Siku ya kwanza kazi yao inaonekana safi: bledi haitikisiki, theluji inaondoka, mteja anapiga picha. Ufa huwa bado haujaonekana. Ukitokea, mganga atasema trekta lilikuwa limechoka, kuukuu, la miaka ya 1970. Hapana. Trekta hilo limefika miaka hamsini kwa sababu waliolitumia kabla yako hawakuligeuza nyundo. International Harvester walipoanza kuuza trekta la bustani la Cub Cadet mwaka 1961, na John Deere walipoleta lao la modeli 110 mwaka 1963, hawakuwa watu wa kuogopa chuma kizito. Hata hivyo bledi nyingi za kiwandani za matrekta ya aina hiyo zilikuja na springi. Hawakusahau kuzichomelea.

Turudi kwako. Kwa nini inajikunja mara nyingi kupita kiasi? Kwanza angalia springi zenyewe. Hazijanyooka kwa uzee? Boliti za kuzikazia zina nafasi bado? Halafu angalia viatu vya bledi, yale masahani mawili madogo ya chini. Kwenye changarawe makali yanatakiwa kuelea sentimita 2 hivi juu ya ardhi. Viatu vikiwa vimelika au vimetolewa, bledi itajikunja kwa kila kokoto, na hapo springi hazina kosa lolote.

Kukaza springi kuna kanuni, si kubahatisha. Siku ambayo hakuna theluji, peleka trekta kwenye ardhi kavu, gia ya chini kabisa, sogea polepole mpaka makali ya bledi yaguse gogo lililozikwa imara, kisha endelea kusukuma taratibu. Bledi lazima ijikunje kabla matairi hayajaanza kuzunguka bure. Matairi yakizunguka kwanza, umekaza mno. Ikijikunja kwa kuguswa tu, kaza kidogo kidogo. Sababu yake ni rahisi: kwenye ardhi kavu matairi yanashika mara tatu au zaidi ya yanavyoshika kwenye theluji iliyoshindiliwa, kwa hiyo springi inayoshindwa hapo bado ina nguvu ya kutosha kuibeba theluji yote ambayo trekta lako litaweza kusukuma. Anayetaka zaidi ya hapo anataka kugonga, si kusukuma.

Kuhusu injini ya farasi 18, mwambie rafiki yako afanye hesabu hii. Ekseli yako ya nyuma inabeba labda kilo 270. Mpira kwenye theluji iliyoshindiliwa unashika takriban sehemu moja ya tano ya uzito huo. Maana yake msukumo wote ulio nao, hata kama ungeweka injini ya lori, ni kama kilo 54. Kusukuma kilo 54 kwa kasi ile ya kilomita 6 kwa saa kunahitaji nguvu farasi moja na kidogo. Ongeza zinazopotea kwenye mkanda na giaboksi, ongeza zinazohitajika kuivuta mashine yenyewe ndani ya theluji, bado hujazigusa nusu ya zile 12. Matairi yanateleza kwa sababu yanateleza. Injini kubwa itayafanya yateleze kwa haraka zaidi.

Dawa ni minyororo na uzito. Minyororo kwanza, kwenye matairi ya nyuma, ile yenye viungo vya kukatiza vilivyokaribiana. Ile ya bei rahisi yenye viungo vilivyoachana mbali inalifanya tairi dogo liruke kila kiungo kinapopita. Kisha uzito: vyuma vya kufunga ndani ya ringi, au kimiminika ndani ya tairi, au mzigo nyuma ya kiti. Huo wa nyuma una faida ambayo wengi hawaijui. Kilo 45 zikining’inia nusu mita nyuma ya ekseli, kwenye trekta lenye sentimita 115 kati ya ekseli na ekseli, zinaongeza karibu kilo 65 kwenye matairi ya nyuma, kwa sababu zinainua kilo 20 kutoka mbele. Usizidishe, ama sivyo usukani utakuwa pambo. Na ukijaza kimiminika, kumbuka kwamba maji ya chumvi ya kalsiamu kloridi hayagandi upesi, lakini yakivuja yanaila ringi kwa ndani, na ringi za trekta la umri huo si kitu cha kuchezea.

Sasa vile vyuma viwili ulivyovibana kwenye bampa. Hivyo ndivyo vinavyonitisha kuliko springi, ingawa hukuuliza juu yake. Bampa ni ya kulinda taa. Msukumo wa bledi unatakiwa kupita chini ya tumbo la trekta kwa mikono miwili mirefu, na mikono hiyo ishikwe kwa pini karibu na ekseli ya nyuma, mahali ambapo fremu inakutana na giaboksi, na ndipo msukumo unapotoka. Mbele iachiwe kazi moja tu, kuinua. Mikono ilale karibu sawa na ardhi. Ukiifunga juu halafu ikashuka kwa mteremko mkali kuelekea bledi, kila theluji itakapokaza bledi itajichimbia chini na magurudumu ya mbele yatainuka, nawe utakuwa unapiga usukani hewani. Kwa sababu hiyohiyo bledi lazima iwe huru kupanda na kushuka ikifuata ardhi. Ukiwa na haidroliki, usiitumie kuikandamiza.

Upana nao umezidi. Bledi ya sentimita 150, kwenye theluji ya sentimita 15, ndani ya mita 10 tu inakutana na mita za ujazo mbili na robo. Ikiwa ni theluji mbichi nyepesi ya kilo 100 kwa mita moja ya ujazo, hiyo ni kilo 225. Ikiwa imelowa na kufikia kilo 300, unashindana na kilo 675 kwa trekta lenye msukumo ule tuliouona. Ukiielekeza bledi kando, sehemu kubwa ya theluji inamwagika njiani, ndiyo, lakini pembe zake bado zinatafuta mawe mbali na magurudumu. Ikate ibaki sentimita 122. Hata ukiigeuza nyuzi 30 itafagia sentimita 105, na kama trekta lako, kama mengi ya aina yake, halizidi mita moja kutoka tairi hadi tairi, hutakanyaga theluji uliyoiacha. Hapo ndipo fundi wa kuchomelea anaweza kupata kazi halali: akate, aziweke sawa pembe, afunge makali mapya kwa bolti. Kwa bolti, nasisitiza, maana makali ni ya kulika na kubadilishwa. Wapo wanaoyachomelea hata hayo.

Jambo moja kuhusu injini, kwa kuwa watu wa bledi ngumu wana tabia ya kuukimbilia ukuta wa theluji na kuupanda. Injini nyingi za silinda moja za wakati huo, Kohler za mfululizo wa K zikiwemo, hazina pampu ya oili. Kuna kijiko kwenye mkono wa pistoni kinachoirusha oili kila mzunguko. Pua ya trekta ikiwa juu ya tuta kwa muda huku injini inanguruma na oili iko chini ya alama, kijiko kinachota hewa. Angalia kiwango kila unapowasha, tumia oili nyepesi ya baridi, na theluji isukume mbali tangu inapoanguka mara ya kwanza, ili ukuta usijengeke mahali utakapohitaji kupita mwezi ujao.

Wengine wanaosoma hapa na hawana trekta bado: mnapokwenda kununua kuukuu, msianze na injini. Injini inafunguliwa na kurekebishwa. Lala chini, tazama fremu kuanzia pini ya ekseli ya mbele kurudi nyuma, pande zote mbili, ukiwa na tochi na brashi ya waya. Tafuta ufa unaoanzia kwenye tundu la bolti. Tafuta bati la kuongezea nguvu ambalo kiwanda hakikuliweka. Simama mbele na uangalie kama magurudumu mawili ya mbele yako mstari mmoja na ya nyuma. Ukikuta rangi mpya sehemu hiyo peke yake, muulize muuzaji bledi ilikuwa imefungwaje. Akijibu kwa fahari kwamba aliiimarisha mwenyewe isijikunje, bei yoyote atakayotaja ni kubwa.